Fyuzi ikiungua mara ya pili, acha kuibadilisha: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu ya umeme kwenye gari

Gari moja aina ya Noah lililetwa karakana kwetu Ngamiani, Tanga, likivutwa kwa kamba, saa mbili asubuhi, na kabla sijafungua boneti harufu ya plastiki iliyoungua ilikwisha nipa salamu. Dereva akaeleza kwamba juzi usiku, akiwa Pongwe, taa za nyuma zilizima. Akanunua fyuzi, ikaungua. Akanunua ya pili, ikaungua. Ya tatu akashauriwa na mwenzie pale stendi ya Kange: "Weka ya kijani, hiyo haikati." Na kweli haikukata. Nilipoichomoa ilikuwa nzima, inang'aa kama imetoka dukani. Kilichoungua ni fungu zima la nyaya lililopita chini ya kapeti upande wa kushoto.

Fyuzi ya kijani ni ampea 30. Tundu lile linataka 10.

Nawaandikia madereva na wenye magari, hasa wa huku kwetu pwani ambako chumvi inakula gari usiku na mchana. Mengi nitakayoeleza unaweza kuyafanya mwenyewe chini ya mwembe kwa vifaa vichache. Machache hutakiwi kuyagusa, na hayo nitayataja waziwazi.

Fyuzi inalinda nini

Ukimuuliza mtu atakwambia fyuzi inalinda taa, au redio. Hapana, inalinda waya. Taa ikiungua utanunua globu; waya ukiungua unaweza kuondoka na gari. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi kuliko unene wake unapata moto, ganda lake linayeyuka, unaugusa wa jirani, na hapo kazi ya kiraka inageuka kazi ya kulala karakana. Fyuzi ni kipande cha bati kilichofanywa dhaifu makusudi ili kikatike kabla ya waya.

Hesabu yake ni nyepesi: chukua wati, gawanya kwa volti, unapata ampea. Globu ya taa kubwa ya wati 60 kwenye gari la volti 12 inakula ampea 5. Zikiwa mbili ni 10. Sasa rudi kwenye ile Noah. Taa ndogo: mbili za nyuma, mbili za mbele, mbili za namba, tuseme kila moja ni wati 5. Jumla wati 30, yaani ampea mbili na nusu, na mwanga wa dashibodi juu yake kidogo. Fyuzi ya 10 iliyobebeshwa mzigo wa mbili na nusu haiungui kwa uchovu. Ikiungua mara moja, huenda ilikuwa ya zamani. Ikiungua ya pili, kuna mahali umeme unamwagika kwenye bodi, na fyuzi ya tatu ni pesa ya bure.

Rangi zake zizoee kama unavyozoea noti. Zambarau ni 3, hudhurungi iliyopauka ni 5, kahawia ni 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Namba imeandikwa kichwani pia. Ukikosa saizi yake, weka ndogo, usiweke kubwa. Ndogo ikikata utakuwa umepoteza fyuzi tu. Na karatasi ya sigara, uzi wa shaba, pini ya nywele, vyote nimeshavitoa kwenye matundu ya fyuzi. Kijiko cha chai tu ndicho sijakikuta.

Vifaa, na mambo ya kuogopa

Unahitaji testa ya taa, ile yenye sindano, globu ndani ya mpini na waya wenye klipu. Mita ya kupima volti, hata ya bei ndogo. Globu ya indiketa ya wati 21 uliyoiunganisha nyaya mbili zenye klipu. Hii nitakuonyesha kazi yake baadaye, na nakuahidi utaipenda. Msasa laini, plaisi, spana namba 10, tepu, mafuta ya mgando, na fyuzi za akiba mbili mbili za kila rangi. Kwa lori la volti 24, globu yako nayo iwe ya volti 24.

Kabla ya kukata au kuunga waya wowote, fungua betri, na anza na hasi. Sababu ni hii: bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya, spana ikateleza ikagusa bodi, umetengeneza shoti mkononi mwako. Ukianza na hasi, hata spana ikigusa bodi hakuna kitu. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Pete na saa ya chuma vua. Nimeona kidole chenye alama ya pete isiyotoka mpaka leo, na pete yenyewe haipo.

Plagi na nyaya za rangi ya njano chini ya usukani na viti ni za mifuko ya hewa ya ajali. Usizichome testa, usizipime kwa mita. Na kwenye magari ya haibridi, yale yanayotumia mafuta na umeme pamoja, nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme wa mamia ya volti unaoua mtu. Hizo hata mimi siziendei bila kufuata utaratibu wake.

Hatua ya kwanza: sikiliza gari kabla ya kulifungua

Dereva akija anasema "umeme umekufa." Umeme gani? Keti kwenye kiti, washa kimoja kimoja, uone kipi kimekufa na kipi kinafanya kazi. Kazi ya dakika tano hii, nayo inakuokoa nusu siku.

Kama kimekufa kitu kimoja tu, mfano taa ya breki ya kulia huku ya kushoto inawaka, achana na fyuzi. Fyuzi ya breki ni moja kwa zote. Ingekuwa imeungua zingelala zote. Tafuta globu, soketi yake, au ethi ya upande ule, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Kama vimekufa vitu kadhaa kwa pamoja ambavyo havina undugu wa kuonekana, mfano redio na tundu la kuchajia simu, au taa za nyuma na mwanga wa dashibodi, hapo undugu wao ni fyuzi moja. Kama kila kitu ni kinyonge, stata inakoroma, taa ni za rangi ya chai, anza na betri na vichwa vyake.

Halafu kuna dalili moja ambayo ukiijua utaonekana mganga. Ukikanyaga breki, indiketa inawaka kidogo. Au ukiwasha indiketa, taa ndogo ya upande ule inafifia na kurudi, inafifia na kurudi. Hiyo ni ethi mbovu kwenye taa ya nyuma. Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani, kwa hiyo unapita kwenye globu ya jirani kutafuta njia nyingine. Usibadilishe kitu. Ruka mpaka kwenye sehemu ya ethi huko chini.

Hatua ya pili: boksi la fyuzi

Magari mengi tunayoyapata kutoka Japani yana maboksi mawili, moja chini ya dashibodi upande wa dereva au abiria, jingine chini ya boneti karibu na betri. Mfuniko una mchoro. Maneno yaliyoandikwa yanatisha bure. TAIL ni taa ndogo na za namba. STOP ni breki. HAZ ni zile za dharura, mara nyingi na indiketa. DOME ni taa ya ndani, na kwenye Toyota nyingi inashika na kumbukumbu ya redio. CIG ni tundu la kiberiti cha gari, ambalo siku hizi kazi yake ni simu. EFI ni mfumo wa mafuta. Hiyo ikikata, gari halishiki. ALT inahusu altaneta, ile inayochaji betri, na hukaa kwenye zile kubwa.

Usichomoe fyuzi zote kama mtu anayechambua mchele. Kila fyuzi bapa ina vidoa viwili vya chuma kichwani vilivyoachwa wazi kwa ajili ya kupimia. Klipu ya testa iweke kwenye bodi, chuma kitupu, ihakikishe kwanza kwa kugusa chanya ya betri. Washa swichi, kisha gusa kidoa kimoja, halafu cha pili. Testa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka hata upande mmoja, umeme haujafika hapo: ama swichi haijawashwa, ama fyuzi kubwa ya chini ya boneti imekwenda, ama relei, ile swichi inayowashwa na umeme, inayolilisha tundu lile haivuti.

Ukiipata iliyokatika, chomoa, uinue kwenye jua uitazame. Hapa ndipo watu wanatupa ushahidi. Kipande cha ndani kikiwa kimeyeyuka taratibu katikati, plastiki bado safi, mzigo ulizidi kidogo kwa muda mrefu: feni inayokaza, mota ya waipa iliyochoka, mtu aliyeongeza taa. Kikiwa kimelipuka, plastiki imeingia weusi au imepakwa kama fedha kwa ndani, hiyo ni shoti kali, umeme ulikwenda moja kwa moja kwenye bodi. Kikiwa na ufa mwembamba bila dalili ya moto, ni mtikisiko na uzee. Weka mpya uende zako. Na miguu ya fyuzi ikiwa imeungua au plastiki imeyeyuka upande wa chini, tatizo liko kwenye tundu lenyewe, limelegea, linashika kwa ncha na kupata joto. Hilo ukiliwekea fyuzi mpya litaichoma nayo. Lazima klipu ya ndani ikazwe au ibadilishwe.

Hatua ya tatu: kuisaka shoti kwa globu

Fyuzi za Noah ile, zile mbili za kwanza, zilikuwa nyeusi ndani. Shoti. Sasa utaitafuta vipi shoti kwenye nyaya zinazokwenda mpaka mwisho wa gari bila kuchoma fyuzi ishirini?

Chukua ile globu ya wati 21. Toa fyuzi, na miguu ya globu yako iunganishe kwenye pande mbili za tundu, mahali fyuzi ilipokuwa. Washa swichi ya taa. Kama kuna shoti, globu itawaka kwa nguvu zote, kwa sababu upande wa pili umegusa bodi. Lakini waya hautaungua, maana globu hairuhusu zaidi ya ampea 2 kupita. Umeigeuza shoti kuwa taa, na unaweza kuiacha inawaka huku unatembea nayo.

Kwanza chomoa mizigo yote ya mstari ule: globu za nyuma, za mbele, za namba. Hii ni muhimu, kwa sababu mzigo mzima nao utaifanya globu yako iwake, kwa ufifi, ukadhani ni shoti. Ukizitoa zote na globu bado inang'aa, shoti iko kwenye waya. Sasa anza kutikisa. Fungua mlango wa nyuma, ufunge. Vuta nyaya chini ya kapeti, zisukume, pinda plagi. Mwenzio aitazame globu. Ikizima tu, mkono wako uko juu ya ugonjwa.

Kwa magari yenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, Noah, Probox, IST, mimi huanzia sehemu moja bila kuuliza: lile bomba la mpira lenye mikunjo pale juu, linalopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda kwenye mlango. Hebu fikiria mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku kwenye gari la abiria na mizigo. Miaka kumi na tano nyaya zinapindwa mahali palepale. Ganda linachanika, shaba inatokeza, inagusa pembe ya chuma. Taa ya namba iko mlangoni, imeshika fyuzi moja na taa ndogo, kwa hiyo waya wake mmoja ukigusa, gari zima linakosa taa za nyuma. Kwenye ile Noah nilivuta mpira ule nikakuta nyaya tatu zimechanika na moja imekatika kabisa. Kazi ya saa moja, ingekuwa ni juzi. Kwa sababu ya ile ya kijani, ikawa ya siku mbili.

Mlangoni pakiwa pazima, endelea na sehemu nyingine zinazopenda kula waya: mahali panapopita chini ya reli ya kiti, pembeni mwa tundu la redio iliyofungwa na mtu mwenye haraka, karibu na ekzosi, na popote penye skrubu mpya ya kufungia kapeti au spika. Skrubu ndefu imetoboa nyaya nyingi mjini hapa kuliko panya, na panya nao hawajambo.

Hatua ya nne: ethi, ugonjwa wa pwani

Nusu ya magari yanayokuja kwangu na "tatizo la umeme" hayana tatizo la umeme kuja. Yana tatizo la umeme kurudi. Umeme unatoka chanya, unafanya kazi, halafu unarudi hasi kupitia bodi. Njia hiyo ya kurudi ni boliti na kipande cha bati kilichobanwa kwenye chuma. Chuma hicho kipo Tanga, upepo wa bahari unakipuliza, na usiku umande wa chumvi unakaa juu yake.

Kulikuwa na kirikuu, kile kipikapu kidogo, kinachobeba samaki kutoka soko la Deep Sea. Maji ya barafu na ya samaki yanatiririka nyuma kila siku. Taa zake za nyuma zilikuwa zinawaka kama mshumaa unaokwisha. Mwenyewe alikwisha badilisha globu mara nne na swichi ya breki mara moja. Nilipima kwa mita: umeme unaofika kwenye soketi ni volti 12.3, safi. Kisha nikapima upande wa kurudi.

Kipimo chenyewe ni hiki, na ukikijua umewazidi mafundi wengi wa barabarani. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC). Ncha nyeusi ishike kwenye kichwa cha hasi cha betri, ukiongeza waya mrefu ikibidi. Washa taa, iwe inafanya kazi. Hilo ni la lazima. Ncha nyekundu iguse waya wa ethi wa taa ile. Mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri, mpaka 0.1 au 0.2 hakuna neno. Kirikuu kile kilisoma volti 4 na zaidi. Yaani theluthi ya umeme ilikuwa inaishia kwenye kutu badala ya kwenye globu. Nilifungua boliti moja nyuma ya bodi, nikapiga msasa mpaka chuma cheupe, nikafunga, nikapaka mafuta ya mgando juu. Taa zikawaka kama mpya. Yule bwana hakuamini kwamba bei yake ni hiyo tu.

Kwa nini usipime kwa omu, upande ule wa mita unaolia "piii"? Kwa sababu omu hudanganya. Waya wa nyuzi ishirini ukibaki na uzi mmoja, mita italia vizuri tu, maana yenyewe hupitisha umeme kiduchu. Ukiubebesha mzigo wa taa, uzi ule mmoja hauwezi. Ndiyo maana napima taa ikiwaka. Na ndiyo maana testa ya taa ina heshima yake hata mbele ya mita ya bei kubwa: yenyewe inavuta umeme, inaulazimisha waya uonyeshe nguvu zake. Isipokuwa kwenye nyaya za kompyuta ya gari, ile tunayoiita kontroli boksi. Huko testa ya globu inaweza kuharibu. Tumia mita tu.

Ethi za kukagua ni hizi: waya mnene kutoka betri kwenda bodi, waya kutoka injini kwenda bodi, na zile ndogo karibu na taa za mbele na za nyuma. Kwenye Toyota waya wa ethi mara nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi, hilo linakurahisishia. Ethi ya injini ipime wakati mwenzio anapiga stata: ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye hasi ya betri. Ikipita nusu volti, hapo hakuna mjadala, fungua usafishe. Gari nyingi zimebadilishiwa stata kwa kosa la waya huu.

Chumvi ina ujanja mwingine. Inaingia kwenye ncha ya waya na kupanda ndani ya ganda, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kwa nje waya mzuri, ukimenya unakuta unga wa kijani na shaba nyeusi. Usiunge hapo. Endelea kumenya kurudi nyuma mpaka uikute shaba yenye rangi yake, hata kama ni shubiri nzima, kisha unga kipande kipya.

Relei, kwa ufupi

Ni swichi inayowashwa na umeme. Miguu 85 na 86 ni ya sumaku, 30 unaingia umeme, 87 unatoka kwenda kwenye mzigo. Njia ya haraka: tafuta ya aina ileile kwenye boksi, mara nyingi ya honi, ubadilishane. Tatizo likihama, umelipata. Ukiisikia "tik" usiridhike; sumaku inaweza kuvuta wakati ncha za ndani zimeungua. Ukipima kati ya 85 na 86, kwa relei nyingi za volti 12 utapata kati ya omu 50 na 120.

Betri inayolala kila asubuhi

Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 ni kama robo. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo altaneta au mkanda una jambo. Kama altaneta inachaji na betri si nzee, kuna kitu kinakunywa usiku.

Zima kila kitu, toa funguo. Boneti na mlango unaohitaji viache wazi, lakini kitasa cha mlango kifunge kwa bisibisi ili gari lidhani umefunga. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, fungua hasi ya betri, na mita iiweke katikati, kati ya kichwa cha betri na waya wake. Usipige stata wala kuwasha taa mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi ya mita yenyewe. Subiri nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari hazilali papo hapo. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ukiona 500, piga hesabu: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya 45 baada ya siku mbili imekwisha zaidi ya nusu.

Sasa chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba itakaposhuka ghafla, mnywaji yuko kwenye mstari ule. Kwangu mimi redio za kupachikwa na vifaa vya kufuatilia gari ndivyo vinaongoza. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, shuku altaneta, maana waya wake mnene mara nyingi hauko kwenye fyuzi ndogo.

Kuunga waya usirudi tena

Tepu peke yake kwenye waya uliosokotwa haimalizi masika moja. Joto linaifanya gundi kuwa uji, maji yanaingia. Menya, sokota, lehemu kwa risasi, vika mpira unaonywea kwa moto, kisha tepu juu kama unataka. Nyaya tatu zinazokwenda pamoja, maungio yake yasikae sehemu moja. Pishanisha, ili hata ganda likifunguka zisigusane. Na ungio lisikae mahali panapopinda. Kwenye ule mpira wa mlango wa nyuma, kata mbali, ndani ya bodi upande mmoja na ndani ya mlango upande wa pili, weka kipande kizima cha waya laini katikati. Risasi inakakamaza waya, na waya uliokakamaa ukipindwa kila siku unavunjika pembeni mwa risasi.

Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene, usiulete kwenye gari. Ukutani haukosi raha, kwenye barabara ya vumbi unavunjika kwa mtikisiko. Unene uwe uleule wa awali au zaidi. Ukiongeza taa mbili za wati 55 kwa safari za usiku, hizo ni ampea 9 na kidogo: waya wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 2.5, relei yake, na fyuzi ya 15 karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja. Fyuzi uliyoiweka mwisho wa waya mrefu inaulinda mwisho tu. Kipande chote cha katikati kiko uchi.

Tatizo la waja leo, waondoka leo

Sisi tunausema msemo huo kwa wageni wa mji, lakini karakana tunauita hivyo ubovu unaokuja ukiwa njiani na kupotea ukifika kwa fundi. Usiuache uondoke hivihivi. Andika kwenye simu: mvua ilikuwepo? Injini ilikuwa ya moto? Ulipita tuta? Ulikuwa umekata kona upande gani? Ukiwa wa mvua tu, mwagia maji kidogo kidogo kwa chupa eneo moja moja mpaka uje. Ukiwa wa matuta, gari likiwa limesimama tikisa mafungu ya nyaya huku taa inawaka. Ukiwa wa joto, acha injini iungurume nusu saa kisha uguse relei na plagi. Plagi inayochoma mkono kuliko wenzake imelegea ndani.

Na ukishindwa, ukaamua kwenda kwa fundi, mpelekee na ile fyuzi iliyoungua, ya kwanza kabisa, ndani ya kiberiti au kipande cha gazeti, pamoja na ile iliyowekwa mara ya mwisho kwenye tundu. Mwambie ulikuwa umebonyeza nini ilipokata. Dereva wa Noah alikuwa na zile mbili za kwanza mfukoni, na ndizo zilizonipeleka mlango wa nyuma moja kwa moja.